Mjomba Aliyeuona Mji Mkuu

Jumatatu, tarehe 9, mwezi wa kumi

Baraka. Mvua asubuhi, jua mchana. Habari kubwa: wakwe wamejibu. Watatoka Uvira Jumamosi ya wiki ijayo, tarehe 21, kuja kumposa Tania, binti wa yaya yangu, dada yangu mkubwa, Espérance. Mahari itazungumzwa siku hiyohiyo. Kwa hiyo familia inahitaji msemaji.

Sioni haja ya kutafuta mbali. Mjomba ni mimi. Sauti ninayo. Kazi yangu ni komisioneri wa bandarini: boti haiondoki mpaka mimi Anatole niijaze abiria. Mtu anayeweza kumshawishi mama mwenye mbuzi watatu apande boti iliyokwisha kujaa, atashindwa vipi na wakwe wa Uvira?

Lakini kwenye mkutano wa familia akainuka Déogratias. Shemeji Déogratias, mdogo wa marehemu mume wa yaya. Aliwahi kukaa Lubumbashi wiki tatu, zamani. Mwili ulirudi, mdomo ulibaki huko. Leo ametueleza kwamba wasemaji wa kule Lubumbashi huanza kwa kukohoa mara mbili. Akakohoa mara mbili. Watu wakatikisa vichwa kwa heshima.

Yaya Espérance akasema bila kuzunguka: “Bakwe ya Uvira beko bantu ba kuona mambo. Minataka musemaji mwenye ameona mambo pia.” Wote wakamtazama Déogratias. Mimi nimefika Fizi juu, Misisi mara mbili, na Swima hapo jirani mara zisizo na hesabu. Inaonekana hayo si mambo.

Uamuzi utatolewa Jumatano ya wiki ijayo. Sikula chakula. Georgette, mke wangu, alikula sehemu yangu bila kuuliza ninaumwa nini.

Jumanne, tarehe 10

Nimeamka na silaha. Lubumbashi si mji mkuu! Ni mji wa mkoa tu. Mkubwa, sikatai, lakini ukubwa si ukuu. Jamaa ametutambia miaka yote hii kwa mji wa mkoa.

Nikamwambia bandarini mbele ya watu. Akaniuliza mimi nimeuona mji mkuu gani. Watu wakacheka, hata wale ambao hawajawahi kutoka mtaa wao. Nikamwambia asubiri.

Kinshasa ni mpaka ndege, na ndege si mtu wa kuzungumza naye. Nikatoa kitabu changu cha jiografia cha shule ya msingi. Afrika Magharibi ililiwa na panya, lakini majirani zetu wako salama. Burundi, mji mkuu: Bujumbura. Ukipita Uvira tu, umefika. Miaka yote nimeishi karibu na mji mkuu wa nchi nzima, na hakuna aliyenifungua macho.

Sijamuuliza mtu yeyote. Kuuliza ni kwa wasiojua.

Alhamisi, tarehe 12

Nimefaulu. Nijipongeze mwenyewe, maana nyumba hii haina mwenye desturi hiyo.

Eddy, mwenye boti tatu, amenunua ya nne. Ameipaka rangi nyeupe, ameweka viti vya plastiki vyenye migongo na turubai la kivuli. Anaiita kruazieri, yaani ya matembezi. Mpango wake: kuondoka Ijumaa mchana, kulala Uvira, Jumamosi kutwa nzima kutembea Bujumbura, saa tisa kurudi. Tatizo ni abiria. Mtu wa hapa hupanda boti kwa sababu: samaki, msiba, ugonjwa, au deni la mtu aliyekimbia. Kupanda ili kutazama tu, hilo hakuna.

Nikamwambia Eddy nitamletea abiria wanane kabla ya jua kuzama, na tena nitakuwa kiongozi wao mjini. Malipo yangu, kiti kimoja. Akaniuliza kama ninaijua Bujumbura. Nikamjibu mtu haulizwi kama anaijua nyumba ya jirani yake. Akaridhika. Sikudanganya hata neno.

Kisha nikaingia kazini. Bamama wanne wa vitenge niliwaambia habari za Soko Kuu, ambalo kitabu changu kinaliita fahari ya mji. Katekista Willy nilimwambia habari za kanisa kubwa. Vainqueur na mke wake, waliofunga ndoa juzi, niliwaambia habari za mchanga wa ufukweni, ingawa mchanga hata hapa tunao. Wa nane alikuwa Mama Gatesi, mwanamke wa kutoka milimani, anauza maziwa karibu na soko. Kabla sijafungua mdomo akasema anaenda, ana binti anayesoma huko. Sikumhoji zaidi. Kosa dogo.

Ijumaa, tarehe 13

Naandika Uvira, miguu ikiwa juu ya ardhi. Namshukuru Mungu kwa ardhi.

Kuna jambo sijawahi kumwambia mtu: nimepandisha maelfu ya watu kwenye boti, lakini mwenyewe sijapita Swima kwa maji. Tumbo langu na ziwa hawapatani. Georgette alikuwa amenifungia ugali na ndagala. Kabla ya saa kumi ndagala walikuwa wamerudi kwao.

Nilikuwa nimevaa koti langu la harusi. Niliinama ukingoni muda mrefu, nikawaeleza abiria kwamba kiongozi lazima achunguze rangi ya maji. Mama Gatesi akanipa ndimu ninuse. Ni mwanamke wa heshima, lakini macho yake yanaona mno.

Jumamosi, tarehe 14

BUJUMBURA! Nimefika. Mimi, Anatole wa Baraka.

Bandarini walitugongea karatasi zetu mhuri. Wangu haukukolea. Nikamwomba afisa arudie, kwa nguvu, maana una kazi kubwa mbele. Akarudia huku akinitazama.

Nikainua mwavuli wa Eddy ili abiria wanifuate. Kwanza Soko Kuu. Tulitembea sana, nikiuliza njia kwa siri kila kona. Tukafika kwenye ukuta, na nyuma ya ukuta uwanja mtupu. Bamama wa vitenge wakaniangalia. Mama Gatesi akasema kwa upole kwamba soko lile liliungua, sasa ni miaka kumi. Nikawaambia tumeanza na historia.

Kisha ikulu. Mji mkuu una ikulu, hilo halina mjadala. Nikaona lango refu la chuma, mlinzi, magari makubwa yakiingia. Nikawasimamisha abiria wangu, nikawaambia wainamishe vichwa kidogo. Katekista Willy akavua kofia. Mlinzi akaja kutuuliza tunataka mifuko mingapi. Lilikuwa ghala la saruji. Nikamuuliza basi wakubwa wa nchi wanakaa wapi. Akasema kama nina shida na wakubwa, niende Gitega. Nikawatafsiria abiria: wakubwa wamesafiri kikazi.

Hapo Mama Gatesi akaingilia. Akasema: “Baba, bakubwa balihamia Gitega tangu zamani.” Nikamjibu kwamba wakubwa huhamahama, ndiyo tabia yao, lakini mji hauhami. Hakubisha tena. Nilijisikia vizuri.

Baada ya hapo nilipotea. Naandika hili kwa sababu shajara ni yangu na haina mwingine wa kuisoma. Tulipita mbele ya kinyozi mmoja mara tatu. Mara ya tatu akatusalimia kwa Kiswahili. Mama Gatesi akauchukua mwavuli mkononi mwangu, bila ukali, kama mtu anayepokea mzigo wa mgeni, na kutoka hapo mambo yakanyooka. Bamama wakapata vitenge vyao. Katekista akaliona kanisa, akapiga magoti. Vainqueur na mke wake wakakaa ufukweni, kiboko akainua kichwa, wakakosa la kushangaa kwa sababu viboko tunao. Binti wa Mama Gatesi akatuletea chai ya maziwa sote. Nilimruhusu mama huyu anisaidie. Kiongozi mwema hugawa kazi.

Mimi nilibakiwa na jambo langu moja: picha. Nikampata mpiga picha wa barabarani. Nikatafuta kibao chenye jina la mji, nikasimama chini yake, koti limefungwa vifungo vyote, kidole kikielekeza jina. Akaniambia nicheke kidogo. Nikakataa. Mbele ya mji mkuu mtu hachekicheki.

Akanipa picha. Nikaitazama. Ni mimi. Nikamkumbuka marehemu baba, aliyekufa bila kuvuka Swima, akidhani dunia inaishia pale boti zinapogeukia. Nilitamani aione. Nilitokwa na machozi. Vumbi pia lilikuwepo.

Jumapili, tarehe 15

Nimerudi. Kuhusu ziwa sitaandika.

Nimekwenda ibada ya pili nikiwa na koti lilelile. Wakati wa matangazo, mchungaji huwaomba waliotoka safari wasimame na kusalimu. Nikasimama. Nikasema nimetoka mji mkuu wa Burundi, na watu wa huko wanawasalimu. Hakuna aliyenituma, lakini wangetuma kama wangejua.

Picha imezunguka viti vyote. Imerudi na alama ya mafuta ya karanga pembeni. Déogratias aliishika muda mrefu kuliko wote. Hajui kusoma uso wangu, lakini kibao alikisoma. Hakukohoa.

Jumatano, tarehe 18

Nimechaguliwa!

Yaya Espérance aliiweka picha mezani, akaitazama, akanitazama. Akasema: “Anatole, uko ndugu yangu, minakujua tangu uko mutoto. Tania ni mutoto wangu wa kwanza. Usinipatishe haya mbele ya bakwe.” Nikamwambia alale usingizi. Déogratias atakaa kushoto kwangu kama msaidizi, awe ananishikia maji ya kunywa. Alikubali kwa sauti ndogo. Nilimhurumia kwa muda mfupi.

Nimeandaa amande zote, faini za wakwe wakikosea. Kwetu msemaji wa upande wa binti ndiye mwenye raha: wakwe wakichelewa, amande; wakikaa kabla ya kukaribishwa, amande; wakimtaja binti kwa jina kabla ya kuruhusiwa, amande. Kreti ya vinywaji hapa, jogoo pale. Nimehesabu makosa kumi na moja ambayo wakwe hawawezi kuyakwepa. Georgette ameuliza kama nimeandaa pia maneno ya kweli ya kusema. Wivu.

Jumamosi, tarehe 21

Naandika haraka kabla hasira haijapoa. Au aibu. Vimechanganyika.

Wakwe walifika mapema. Mapema kuliko sisi! Viti vilikuwa bado vinapangwa. Amande ya kwanza imekufa. Wakasimama nje mpaka walipokaribishwa. Ya pili imekufa. Walimwita Tania “ua tulilolisikia harufu yake”. Ya tatu. Msemaji wao ni Bwana Darius, mtu mwembamba mwenye miwani, mpole mpaka anakera. Alisalimu ukoo wetu wote, walio hai na waliotangulia, bila kosa.

Zamu yangu. Nikasimama. Nikakohoa mara mbili, maana jambo zuri ni zuri hata likitoka kwa Déogratias. Nikasema anayezungumza nao si mtu wa kijijini tu, ni mtu aliyetoka wiki iliyopita kwenye mji mkuu wa Burundi, aliyeona kwa macho yake mahali nchi inapoendeshwa. Upande wetu wakapiga vigelegele. Nilimwona yaya akitabasamu. Nilikuwa mrefu wakati ule.

Bwana Darius akaomba neno. Akashukuru. Akasema amefurahi kukutana na mtu wa safari, yeye hupeleka mawese huko kila mwezi. Akauliza: “Baba mukwe, Gitega ulilala upande gani?”

Nikamsahihisha kwa upole. Nikamwambia nazungumzia mji mkuu, Bujumbura. Nikatoa picha.

Bamama wa upande wao wakaanza kucheka ndani ya vitenge. Bwana Darius akaishika picha kwa mikono miwili, akalisifu koti, kisha akaeleza, bila kuinua sauti, kwamba serikali ya Burundi iliifanya Gitega kuwa mji mkuu miaka kadhaa iliyopita. Bujumbura imebaki mji wa biashara. Mzuri, akasema, lakini mkuu siyo. Kisha akawauliza wazee wa upande wetu: kwao Uvira, msemaji akifungua mazungumzo ya mahari kwa jambo lisilo la kweli, hulipa amande na hukaa chini. Je, kwetu Baraka hufanywaje?

Wazee wetu wakatazamana. Hawakuweza kudanganya. Ni vilevile.

Mbuzi mmoja. Upande wa binti kulipa amande! Haijawahi kutokea katika ukoo wetu, na ukoo wetu umeozesha mabinti wengi. Mbuzi aliyekuwa karibu alikuwa wa Georgette, yule wa madoa, aliyemlea tangu akiwa mdogo. Alimfungua kamba mwenyewe. Hakunitazama.

Nikakaa. Déogratias akanipa maji ya kunywa, halafu akasimama na kumaliza mazungumzo yote. Sikusikia alichosema. Masikio yalikuwa yanapiga kelele. Nilitaka ardhi inimeze, lakini ardhi ya Baraka ina mchanga mwingi na haimezi vizuri.

Jumapili, tarehe 22

Sikwenda ibada. Nilisema ni tumbo.

Georgette haniongeleshi. Anaongea na sufuria. Ameiambia sufuria kwamba kuna watu wangeweza kumuuliza hata mwenye maziwa, na wenzao wangebaki na mbuzi wao.

Yaya Espérance alipita. Niliogopa kutoka ndani. Nikatoka. Nikamwambia nimekosa, nimemtia haya siku ya mtoto wake, na kweli nilihisi hivyo mpaka chini ya mbavu. Akaniambia bado mimi ni ndugu yake, hana wa kubadilisha. Halafu akacheka, akajizuia, akacheka tena, akaondoka.

Jioni akaja Tania mwenyewe. Alitabasamu toka mlangoni. Akasema wiki nzima alikuwa anaogopa kwenda Uvira, kuingia kwa watu asiowajua, wanaojua kila kitu. Lakini baada ya yale mambo ya picha, mama mkwe alimshika mkono, akacheka naye mpaka machozi, akamwambia familia yenye mjomba kama huyu haiwezi kuwa na watu wabaya. “Mujomba, uliniondolea woga. Aksanti sana.” Wakwe hata hawakubishania mahari, walikuwa wamechoka kwa kicheko.

Nikamwambia nilipanga hivyo tangu mwanzo. Akanibusu shavuni. Sijui kama aliamini. Mimi nimeshaanza kuamini.

Jumatano, tarehe 25

Nimekaa siku tatu nikichunguza kosa lilikuwa wapi. Nimelipata. Si langu.

Kosa ni la Burundi. Nani anahamisha mji mkuu? Mtu huhamisha kuku, huhamisha duka. Sikutembelea mji usiofaa. Nilitembelea nchi isiyotulia. Ningechagua nchi iliyotulia, leo hii Bwana Darius angekuwa ananiamkia.

Na nafasi ipo. Merveille, mdogo wake Tania, ameanza kutazamwa na kijana wa Kalemie. Mwakani wakwe wengine watakuja. Jana nilimsikia Déogratias akikohoa mara mbili peke yake nyuma ya nyumba. Anajiandaa.

Nimekwenda kwa Eddy. Boti nyeupe haina kazi tangu tuliporudi. Nimempa wazo: kruazieri ya Kigoma, halafu abiria wanachukua treni, wanakwenda kutembea mji mkuu wa Tanzania siku nzima, wanarudi. Nimemhakikishia abiria kumi na wawili na kiongozi anayejua njia. Amekubali, ila mwavuli nitafute wangu.

Mama Gatesi alinisimamisha sokoni, akataka kuniambia kitu kuhusu Dodoma. Nikamshukuru, nikamwambia Dodoma sina ndugu, nitapita tu dirishani.

Leo mchana tumetundika ubao bandarini. Nimeandika mwenyewe kwa rangi nyekundu, herufi kubwa, ili asiwepo wa kubisha tena: TEMBELEA DAR ES SALAAM, MJI MKUU WA TANZANIA. KIONGOZI: BW. ANATOLE.

Déogratias alipita. Akasimama, akausoma mara mbili. Hakutoa hata neno moja la kupinga. Akanipa mkono kwa furaha, akanitakia safari njema, akasema nisisahau kupiga picha. Mtu akishindwa, huonekana.